Shangazi aliuliza kama nimeipaka lami

Ilikuwa kipaimara cha mpwa wangu, uani kwa dada, Tabata, hapa Dar es Salaam. Turubai la kukodi lilifungwa upande mmoja kwenye mwembe, upande wa pili kwenye nondo za dirisha. Mimi nilijipa kazi ya kuchoma. Mbavu za mbuzi kilo 4 nilizipaka viungo tangu usiku na kuzilaza kwenye friji kama mtoto mchanga. Wiki nzima nilikuwa nawatangazia watu kwamba safari hii watakula nyama ya kuchoma ya namna nyingine. Na kweli, walikula ya namna nyingine.

Dakika 12 tu juu ya jiko, zikawa nyeusi tii. Si ule weusi wa pembeni ambao mtu anaukwangua kwa kisu na kuendelea na maisha. Huu ulikuwa unang'aa, unanata kwenye wavu, na chini yake nyama bado inatoa damu kwenye mfupa. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa ameshuka na basi la asubuhi kutoka Muheza. Akachukua ubavu mmoja, akaugeuza, akaunusa, akaurudisha kwenye sinia taratibu.

"Baba," akaniita, maana nimebeba jina la babu, "hii mmeichoma au mmeipaka lami?"

Hadi leo kuna binamu yangu mmoja ananiita TANROADS, wale wakala wa barabara.

Nilichokuwa nimekifanya ni kufuata neno kwa neno resipi ya Kimarekani ya viungo vikavu vya kupaka nyama, wenyewe wanaviita "rub": sukari ya kahawia nusu kikombe, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyowasha) karibu kiasi hichohicho, chumvi, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu, unga wa kitunguu maji, pilipili kali kidogo. Unachanganya vikavu, unaipaka nyama, unailaza, unachoma. Nimeirudia resipi ile mara nyingi tangu siku hiyo nikitafuta uongo wake, sijauona. Kosa lilikuwa kwamba ilitungiwa moto mwingine.

Wenzetu wa Memphis na Kansas City, ambao ndio wenye sifa ya viungo vitamu vya namna hii, hawaiweki nyama juu ya makaa. Wanaiweka kando, ndani ya jiko lenye mfuniko, joto la nyuzi 110 hadi 120 za selsiasi, moshi wa kuni ukizunguka humo ndani kwa saa nyingi. Mbavu zinakaa saa tano au sita, na kidari cha ng'ombe kinaweza kupita saa kumi. Kwenye joto hilo sukari inayeyuka polepole, inashikana na mafuta na paprika, inakuwa ganda zuri lenye rangi ya mbao iliyopakwa vanishi. Sukari huanza kugeuka karameli ikifika nyuzi 160 hivi, na ikizidi sana hapo inakuwa chungu na nyeusi. Sasa nenda kapime joto la wavu uliokaa kiganja kimoja juu ya mkaa mwekundu, kwenye pipa lililopasuliwa katikati, na kijana wa watu anapepea na mfuniko wa ndoo kwa bidii zote. Sukari pale haina hata nafasi ya kujitetea.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa sukari. Yote. Kuna watu wataniambia nitumie sukari guru kidogo, na ninakubali kwamba ladha yake inaikaribia ile ya Marekani kuliko sukari yetu ya dukani, ambayo rangi yake ya kahawia haina utamu mzito wa molasi. Lakini sukari guru nayo inaungua. Kama unataka utamu, pakaza asali au maji ya sukari guru dakika tatu za mwisho, moto ukiwa umetulia. Nyama yenyewe inajua kujipaka rangi: juu yake ikikauka na kupita nyuzi 140 hivi, protini zake na sukari chache zilizomo ndani yake zinaungana na kutoa ile hudhurungi na ile harufu inayomfanya mpita njia apunguze mwendo. Haihitaji kusaidiwa. Inahitaji tu iwe kavu.

Nikaingia kosa la pili, na hili ni la kwetu kabisa, hakuna Mmarekani wa kumlaumu.

Baada ya aibu ya kipaimara niliamua kutengeneza mchanganyiko wa Kitanzania. Nikaenda soko la Kisutu na moyo wa uzalendo. Binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga, pilipili manga, vyote. Nikakaanga kavu, nikatwanga, nyumba nzima ikanukia. Mpangaji wa chumba cha pili akatoa kichwa dirishani: "Jirani, mnapika pilau bila kuniita?"

Nilicheka, nisijue kwamba ndiyo hukumu yenyewe. Nilipochoma kuku kwa mchanganyiko ule, kila aliyeonja alisema kitamu, na kila mmoja akatazama kama kuna sufuria inakuja nyuma. Pua ya mtu wa Dar es Salaam imefundishwa tangu utotoni kwamba binzari nyembamba, iliki na mdalasini zikikutana, kinachofuata ni wali. Ukiziweka kwenye nyama ya kuchoma unampa mlaji ahadi usiyoitimiza. Na karafuu, pamoja na heshima zote kwa Unguja na Pemba, ikizidi kidogo tu inatia ganzi ulimi, kama dawa ya jino. Siku hizi naweka karafuu kwenye chai.

Basi mchanganyiko nilioshikilia kwa miaka minne sasa unaegemea pilipili manga na giligilani. Texas kuna wachomaji wakubwa ambao hawaweki kitu kwenye kidari zaidi ya chumvi na pilipili manga iliyosagwa nusunusu, na wanaheshimika kuliko wenye viungo kumi na vinne. Hilo liliniliwaza. Pilipili manga inavumilia moto wa mkaa, na hata ikiungua pembeni inabaki pilipili. Giligilani ikikaangwa inatoa harufu tamu inayokaribia ndimu, bila sukari yoyote, na haimkumbushi mtu sherehe ya Idi.

Vipimo vyangu ni hivi, kwa vijiko vya chakula, punje zikiwa nzima kabla ya kutwanga: pilipili manga 4, giligilani 3, binzari nyembamba 1 na usiongeze hata ukishawishiwa. Hizo zikishatwangwa naongeza za unga: paprika vijiko 2, unga wa kitunguu saumu 1, tangawizi kavu ya unga 1, na pilipili kali nusu kijiko cha chai, kwa sababu nyumbani kuna watoto na mezani pilipili ipo. Kwa kuku naongeza kijiko 1 cha unga wa embe bichi lililokaushwa, unaopatikana kwenye maduka ya viungo ya Wahindi. Una uchachu wa ndimu lakini ni mkavu, hauilowanishi ngozi. Kiasi hicho kinatosha kilo 5 au 6 za nyama, kutegemea mkono wako.

Umeona hakuna chumvi humo. Sikusahau.

Chumvi ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko viungo vyote vingine vikijumlishwa, na ndiyo maana haifai kufungiwa chupa moja navyo. Ukipaka chumvi kwenye nyama, mwanzoni inavuta maji, unayaona yanatoka kama jasho. Subiri. Maji yale yanaiyeyusha chumvi, na taratibu inazama ndani. Baada ya saa moja juu pamekauka, na ukilaza usiku kucha bila kufunika, chumvi imefika mbali. Viungo havifiki huko. Binzari, paprika, pilipili manga, hata uvilaze siku tatu, vinabaki juu, milimita chache tu. Ndiyo maana nacheka ninaposikia mtu anasema viungo vyake "vimeingia hadi mfupani". Kilichoingia mfupani ni chumvi.

Sasa chumvi inapimwa kwa uzito wa nyama, viungo vinapimwa kwa mapenzi yako. Mimi nachukua gramu 12 hivi za chumvi kwa kilo 1 ya nyama ya mnofu, ambayo ni kama vijiko 2 vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu. Kwa mbavu, ambazo nusu yake ni mfupa, napunguza hadi kijiko 1 na nusu. Ukitumia chumvi ya mawe ya kuponda, kijiko hichohicho kinabeba uzito pungufu, kwa hiyo pima kwa mizani ya jikoni kama unayo. Ukivichanganya vyote chupa moja, siku unayotaka ladha nyingi utakula chumvi nyingi, na siku unayotaka chumvi kidogo utakula nyama isiyo na kitu. Na tusisahau mlaji wetu: kibanda chochote cha nyama choma mjini hapa kinakuletea nyama iliyokatwakatwa, na pembeni kilima kidogo cha chumvi, ndimu na pilipili. Mtu atachovya hata kabla hajaonja. Mwachie nafasi ya kuchovya.

Kuhusu kununua. Usiseme "nipe binzari" ukanyamaza. Kuna binzari nyembamba, kuna ya manjano, kuna ya mchuzi, na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake. Nimewahi kurudi nyumbani na robo kilo ya manjano, nikawa na vidole vya njano hadi ofisini Jumatatu. Pilipili hoho nayo ni mtego wa namna yake: sisi wa bara tukisema hoho tunamaanisha ile kubwa isiyowasha, lakini mwambie Mzanzibari akupe unga wa hoho uone machozi. Sema paprika, watakuelewa. Au sema unga wa pilipili nyekundu isiyowasha.

Na nunua punje, usinunue unga pale unapoweza kukwepa. Nilinunua pilipili manga ya unga kwenye duka moja, pakiti za shilingi 500, nikatia vijiko vinne na nyama haikuwasha hata kidogo. Nilipomwaga iliyobaki kwenye maji ya moto ilivimba ikawa uji. Sitaki kujua ilikuwa unga wa nini. Punje nazo zinachanganywa, hasa na mbegu za papai zilizokaushwa, ambazo kwa macho zinafanana sana na pilipili manga. Tia kiganja kimoja kwenye bilauri ya maji: pilipili iliyokomaa huzama, mbegu za papai huelea. Ukiwa pale dukani huna bilauri, tafuna punje moja. Mzee ninayenunua kwake siku hizi, mwenye kofia ya kazi ya mkono na mizani ya zamani ya mawe, ndiye anayenisogezea punje nitafune kabla sijauliza. Pilipili yake, anasema, inatoka milima ya Amani, kule Muheza. Nilimwambia shangazi, naye akauliza kwa nini basi naenda Kisutu kununua kitu kinachoota nyuma ya nyumba yake.

Tangu hapo ananitumia kwenye basi, imefungwa kwenye mfuko wa sukari.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kukaanga. Nilikuwa natia zote kwa pamoja. Alisimama nyuma yangu akanung'unika mpaka nikampisha. Kikaango kikavu, moto mdogo kabisa wa gesi. Giligilani kwanza kwa sababu ni nene na haina haraka. Unazungusha kikaango, huachi. Baada ya dakika mbili tatu rangi inaanza kukolea kuelekea ya mkate, na harufu inabadilika, kutoka ya majani inakuwa ya karanga. Hapo ndipo unatia binzari nyembamba. Hii ina hasira. Sekunde 30, labda 40, inaanza kuruka na kulia tititi. Ikilia, toa. Usizime jiko ukaiacha kwenye kikaango, maana chuma bado kina moto na kitaendelea kuikaanga huku wewe unajibu simu. Mwaga kwenye sahani baridi, uitandaze. Pilipili manga inapita kwenye kikaango dakika moja tu, ipate joto. Paprika na unga wa kitunguu saumu usivikaange kabisa. Vitaungua kwenye jiko la nyama bila msaada wako.

Kisha kinu. Nina blenda yenye kikombe cha kusagia viungo, na kwa kilo nyingi naitumia, lakini inasaga laini mno, kila kitu kinakuwa vumbi. Kwenye kinu kidogo cha mbao unapata vipande: pilipili nyingine imekuwa unga, nyingine imepasuka mara tatu tu, giligilani imebaki na maganda. Vipande hivyo ndivyo vinavyokutana na jino. Vumbi linashika haraka na kuungua haraka. Simamia pale unapofanana na mchanga wa Coco Beach, kama mchanga ule ungekuwa mweusi kidogo: chembe zinaonekana lakini hazikwaruzi.

Siku ya kuchoma, nyama yenye chumvi yake inatoka kwenye friji imekauka. Naifuta hata hivyo. Napaka mafuta kidogo sana, kijiko kimoja kwa kilo, ili viungo vishike, halafu nanyunyiza kutoka juu, kiganja kikiwa kama futi moja juu ya nyama, vianguke sawasawa. Jina la Kimarekani la kitu hiki linatokana na kusugua, lakini ukisugua unapata madonge sehemu moja na upara sehemu nyingine. Nyunyiza, kisha gandamiza kwa kiganja. Mkono mmoja wa nyama, mkono mwingine wa viungo, na viungo umimine kwanza kwenye bakuli. Mkono ulioshika nyama mbichi usirudi kwenye chupa, na kilichobaki kwenye bakuli kitupwe. Najua kinauma.

Moto nao umenibadilisha. Nasukuma mkaa wote upande mmoja wa pipa. Mbavu zinaanza upande usio na mkaa, zimefunikwa na karai kuukuu la bati, nusu saa au zaidi, na mwisho ndipo zinapita juu ya makaa kwa dakika chache kupata rangi. Mbuzi wetu wanatembea, nyama yao ina kazi ndani yake, haitaki kuharakishwa. Kuku naye anatakiwa afike nyuzi 74 kwenye paja karibu na mfupa. Nina kipimajoto kidogo cha kuchomeka ambacho shemeji zangu wanakiona kama kitu cha hospitali. Kuhusu papai bichi, lile la kulainisha: liachie mishikaki. Linalowanisha, na likikaa muda mrefu linaifanya nyama ya nje kuwa uji.

Kinachobaki ni kuhifadhi, na hapa Dar es Salaam inapigana na wewe kila siku. Chupa yangu ya kwanza, ile ya sukari na chumvi, niliiweka kabatini mwezi wa tatu. Masika ilipoisha nilifungua nikakuta jiwe. Niliupiga mchi juu yake ukadunda. Sukari na chumvi zote mbili zinanyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu inao wa kumwaga. Ukiziondoa, mchanganyiko unabaki mwepesi miezi miwili mitatu kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko na mbali na dirisha. Usinyunyizie moja kwa moja kutoka kwenye chupa juu ya sufuria linalotoa mvuke. Mimi naweka na kifuko kidogo cha kitambaa chenye punje za mchele uliokaangwa mkavu. Na natwanga kidogo kidogo. Harufu haisubiri mtu.

Mwaka jana shangazi alipokuwa anarudi Muheza nilimfungia chupa moja kwenye gazeti, nikamweleza kirefu habari za chumvi na uzito wa nyama, akaitikia kila neno. Baada ya wiki mbili nikampigia. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri. Nikauliza viungo amevionaje.

"Vizuri sana, baba. Vimeisha. Nilitia kwenye maharage, na vingine nikanyunyizia mihogo ya kuchoma."

Nikamwambia vile vilikuwa vya nyama.

"Nyama yenyewe," akasema, "uliituma na basi gani?"